Nani Aishike Mizani?

Pengine Jumapili hii umeketi barazani na kikombe chako cha chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi za nazi zi kando, na watoto wanang'ang'ania kurasa za katuni. Waachie katuni zao. Wewe keti nami kidogo, maana leo nina jambo ambalo ukilitazama kwa juu juu utadhani ni la wakubwa wa Nairobi peke yao, kumbe limeingia hadi vyumbani mwetu huku Malindi na Kilifi.

Lilianza kwa swali la mtoto. Binti ya kaka yangu yuko kidato cha tatu, na likizo iliyopita alikuja kukaa nami wiki mbili. Jioni moja alinijia na daftari lake la Historia na Serikali.

"Shangazi, mwalimu ametuuliza jaji huajiriwa na nani. Mimi nimeandika ni Rais. Nimekosa?"

"Hukukosa," nikamwambia, "lakini kupata pia hujapata."

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyepewa wali bila kitoweo. "Sasa hilo ni jibu gani, Shangazi?"

Nikaona haya. Mimi niliyesomea uandishi na kupewa stashahada, nimeshindwa kumweleza mtoto jambo la mistari miwili! Nikamwahidi kwamba asubuhi tutakwenda Mayungu kununua samaki, na huko njiani nitakuwa nimepata maneno. Kumbe sikuhitaji kuyatafuta. Maneno yalikuwa yakitungoja ufuoni.

MIZANI YA BANDANI

Wewe uliyezaliwa pwani wajua mambo ya bandani yalivyo. Ngalawa zinaingia, wavuvi wanashusha changu, tafi na tewa, na akina mama karanga wako tayari na ndoo zao. Samaki hanunuliwi kwa macho. Lazima apimwe. Na hapo kwenye mizani ndipo kelele zote za asubuhi zinapoanzia.

Siku hiyo tulimkuta mzee mmoja mvuvi akigombana na kijana aliyekuwa akipima. Mzee alisema samaki wake ni kilo kumi na mbili, kijana akasema mizani imesoma kumi. Mama karanga mmoja akaingilia kati: "Mzee wangu, usimlaumu kijana. Muulize kwanza anakula kwa nani."

Watu wakacheka, kwani jibu lilijulikana. Kijana alikuwa ameletwa na tajiri, yule yule anayenunua samaki. Tajiri ndiye aliyemweka, ndiye anayemlipa, na siku akimchukia ndiye atakayemfukuza. Sisemi kwamba kijana yule alikuwa mwizi. Huenda mizani yake ilisema kweli tupu. Lakini mzee hakuwa na njia ya kumwamini, na hilo peke yake lilitosha kuharibu biashara ya asubuhi nzima.

Nikamgeukia binti yangu. "Umeona? Jaji ndiye mwenye kushika mizani. Swali la mwalimu wako si kwamba nani hutia sahihi barua yake tu. Swali ni hili: anakula kwa nani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tajiri asimchague mpimaji peke yake."

Naam, msomaji wangu. Mtoto alikuwa ameifahamu Katiba ya Kenya akiwa amesimama juu ya magamba ya samaki.

KATIBA INASEMAJE

Tangu zamani zile za mwambao, hakimu alikuwa mtu wa mtawala. Liwali aliwekwa na Sultani wa Unguja, na baadhi ya maliwali walikuwa wenyewe ndio wenye mashamba makubwa. Waingereza walipokuja, sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi za pwani ikawataka watu walete madai yao yasajiliwe. Wenye elimu ya mambo hayo wakapata hati, na Wamijikenda wengi wakabaki maskwota juu ya ardhi waliyoilima babu zao. Kidonda hicho hakijapona mpaka leo, na ndiyo sababu hapa kwetu jaji wa ardhi si mtu wa kusomwa gazetini tu. Ni mtu anayeamua utalala wapi.

Baada ya uhuru mambo hayakubadilika sana. Katiba ya zamani ilimpa Rais uwezo wa kumteua Jaji Mkuu apendavyo. Majaji wengine alipaswa kuwateua kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama, lakini wanachama wa tume hiyo nao walikuwa wote wameteuliwa na yeye huyo huyo Rais. Ni sawa na tajiri kuambiwa asimchague mpimaji peke yake, bali ashauriane na wanawe.

Katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ikakata mzizi huo. Tume sasa ina wajumbe 11. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu. Wamo majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili, Mwanasheria Mkuu, mjumbe wa Tume ya Huduma za Umma, na wananchi wawili wasiokuwa mawakili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, ambao Rais huwateua na Bunge likawakubali. Tume hutangaza nafasi, huwahoji wanaotaka kazi, kisha humpelekea Rais majina. Rais huteua kulingana na pendekezo hilo. Na kwa Jaji Mkuu na naibu wake, kuna mlango mmoja zaidi: lazima Bunge la Taifa likubali.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mtoto barazani. Rais hutia sahihi, lakini kabla ya kalamu yake kuna watu wengine wamepepeta mchele.

MAJINA MANNE YA 2011

Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja, na wakubwa kuizoea ni jambo jingine. Wino wa Katiba ulikuwa haujakauka vizuri. Tarehe 28 Januari 2011, Rais Mwai Kibaki alitangaza majina manne: Jaji Alnashir Visram awe Jaji Mkuu, Profesa Githu Muigai awe Mwanasheria Mkuu, wakili Kioko Kilukumi awe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na William Kirwa awe Msimamizi wa Bajeti.

Nchi ikalipuka kwa maneno. Wakati ule ilikuwa serikali ya muungano, na Katiba ilitaka Rais ashauriane na Waziri Mkuu, Raila Odinga, kisha Bunge likubali. Odinga akasema hakukubaliana na majina hayo. Tume ya Huduma za Mahakama nayo ikasema haikushirikishwa. Wafuasi wa upande mmoja wakalia kwamba Rais anazuiwa kufanya kazi yake, na wa upande mwingine wakalia kwamba Katiba inazikwa ikiwa bado mchanga.

Sikiliza sasa jinsi mambo yalivyokwenda, maana hapa ndipo penye funzo. Mashirika ya kutetea wanawake yalikwenda kortini, na tarehe 3 Februari 2011 Jaji Daniel Musinga akatoa uamuzi kwamba uteuzi huo haukufuata Katiba. Pia jambo moja liliwagusa akina mama: katika majina manne hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Tarehe 17 Februari Spika wa Bunge, Kenneth Marende, naye akasimama na kuamua kwamba Bunge haliwezi kuyashughulikia majina yaliyofika kwa njia iliyopinda. Siku tano baadaye, tarehe 22, Rais Kibaki akayaondoa.

Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyekimbilia nchi ya nje. Rais wa nchi aliambiwa hapana na jaji, akaambiwa hapana na Spika, akarudi nyuma. Sisi tuliokulia zama ambazo neno la Rais lilikuwa sheria hata kabla halijatoka kinywani, tulikuwa tukijifinya kuona kama tunaota.

Baada ya hapo Tume ikatangaza kazi kwa kila aliyejiona anafaa. Waombaji wakahojiwa hadharani, wananchi wakiwatazama kwenye runinga. Ndipo tukampata Dkt Willy Mutunga, na naibu wake Nancy Baraza, wakathibitishwa na Bunge na kuapishwa Juni 2011. Ni haki kusema pia kwamba waliotajwa mwanzo hawakuwa watu wabaya. Profesa Muigai alirudi na kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka huo huo, kwa njia iliyonyooka. Ila mgeni akiingia kwa dirisha, hata akiwa mwema, wenye nyumba watamshika kama mwizi.

AROBAINI NA MMOJA

Ungedhani somo limeeleweka. Lakini penye nia ya kukwepa, hapakosi uchochoro. Mwaka 2011 uchochoro ulikuwa kuteua bila kuwapitia wenzako. Mwaka 2019 ukawa kutoteua kabisa.

Katikati ya mwaka huo wa 2019, Tume ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41 baada ya mahojiano. Kati yao 11 walikuwa wa Mahakama ya Rufaa, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Rais akayaweka majina mezani. Alisema kuna taarifa za kijasusi zinazotilia shaka uadilifu wa baadhi yao, lakini taarifa zenyewe hazikuwekwa mbele ya wananchi. Mahakama Kuu ikaamua Februari 2020 kwamba Rais amefungwa na pendekezo la Tume. Majina yakabaki mezani. Juni 2020 Jaji Mkuu David Maraga akawaita waandishi na kumlalamikia Rais waziwazi, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Majina yakabaki mezani. Maraga akastaafu Januari 2021, na mezani bado yapo. Mmoja wa wale 41 alifariki katika ajali ya barabarani bila ya kula kiapo.

Sasa ngoja nikurudishe mtaani, usije ukadhani ninakusomea kalenda. Jirani yangu mmoja ni mama wa makamo, mkwe kwao ni upande wa Kakuyuni. Ana kesi ya shamba. Shamba lenyewe si kubwa, minazi michache, miembe mitatu na makaburi ya wazee. Siku moja alikuja mtu na hati mkononi, akasema ni lake. Mama akaenda kortini, moja ya korti zetu za pwani, nami sitaitaja. Kila alipokwenda katika miaka ile aliambiwa arudi. Mara jaji yuko likizo, mara amehamishwa, mara faili za mbele ni nyingi. Kila safari ni nauli, ni kibarua cha siku kilichopotea, ni kumwachia mtoto mdogo duka la makaa.

Siku moja nilimweleza juu ya majaji 41. Nilimwambia kwamba 20 kati yao ni wa kesi za ardhi. Alitua ndoo yake chini.

"Ishirini? Wamesoma, wamehojiwa, wamefaulu?"

"Ndiyo, mamangu."

"Na wamekaa?"

"Wamekaa."

Akatikisa kichwa. "Basi mimi nilidhani ni uchache wa watu. Kumbe ni uzito wa kalamu."

Siwezi kusema kwamba kesi yake ingekwisha siku ile ile kama majaji wangeapishwa. Kesi zachelewa kwa sababu nyingi, na mawakili wetu nao wapenda kuahirisha. Lakini nyumba yenye njaa haielezwi kwamba jiko moja zaidi halingesaidia.

SITA WALIOBAKI MLANGONI

Tarehe 13 Mei 2021, Mahakama Kuu iliutupa mpango wa kubadilisha Katiba ulioitwa BBI, ambao Rais Kenyatta alikuwa akiupigania. Aliyeongoza majaji watano wa kesi ile alikuwa Jaji Joel Ngugi, na mwenzake mmoja alikuwa Jaji George Odunga. Wote wawili walikuwamo katika orodha ile iliyolala mezani, wakingoja kupanda hadi Mahakama ya Rufaa.

Wiki tatu baadaye, mapema Juni, Rais akateua majaji 34. Waliobaki ni sita: Ngugi, Odunga, Aggrey Muchelule, Weldon Korir, na mahakimu Evans Makori na Judith Omange. Watu wakajumlisha moja na moja. Kama hesabu yao ilikuwa sahihi au la, anayejua ni yule aliyeshika kalamu. Lakini ona madhara yake: jaji yeyote aliyekuwa akiandika hukumu dhidi ya serikali wiki hiyo, hata kama ni mtu shupavu, alipaswa kujiuliza kitu ambacho jaji hapaswi kujiuliza.

Na usifikiri sita hawa ni watu wa mbali. Jaji Korir alikuwa amekwisha kukaa hapa Malindi katika Mahakama Kuu, akisikiliza kesi zetu. Na Makori, alipopata kiapo chake hatimaye, aliletwa Malindi kusikiliza kesi za mazingira na ardhi. Mpwa wangu aliposikia hayo alishangaa sana. Alidhani mambo ya Ikulu hukaa Ikulu. Nikamwambia, mwanangu, mvua ikinyesha bara, Sabaki hufurika huku kwetu.

Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022, mara tu alipoapishwa, nao wakaapa siku iliyofuata. Watu wengi walipiga makofi, nami nilipiga. Lakini tusilewe. Mtu mmoja aliwazuia kwa kalamu, mtu mwingine akawafungulia kwa kalamu. Ukifurahi kwamba kalamu imekufaa, kumbuka bado ni ile ile kalamu. Na Januari 2024 Rais Ruto mwenyewe alikuwa akiwashutumu hadharani baadhi ya majaji kwa ufisadi baada ya mipango ya serikali yake kusimamishwa kortini. Kila anayekaa kwenye kiti kile huiona mizani ikiwa nzito.

TUSIWAONEE WAKUBWA

Haki ya mtu ni kusikilizwa. Wanaomtetea Rais, yeyote yule, wana hoja. Husema kwamba Rais alichaguliwa na mamilioni, na Tume haikuchaguliwa na mtu. Husema pia kwamba kama amepata habari kuwa mtu fulani hula rushwa, je, afumbe macho na kutia sahihi kama muhuri wa posta?

Ni swali zuri, na asiyelijibu anajidanganya. Jibu langu ni kwamba Katiba haikumfunga Rais mdomo. Mwenye ushahidi aulete mbele ya Tume wakati wa mahojiano, mtuhumiwa ausikie na aujibu. Na baada ya kuapishwa, jaji akipotoka, iko njia ya kumwondoa kupitia Tume na jopo maalumu la uchunguzi. Lisilofaa ni siri iliyofichwa mfukoni. Mtu akikwambia, "Huyu simtaki, na sababu sikuambii," hata akiwa baba yako mzazi utauliza kuna nini.

Wengine watasema, basi tuwaachie wabunge kila kitu. Hapo nami nasita. Wabunge wetu si malaika. Mwaka 1988, Bunge la chama kimoja, la watu waliopitia mchujo wa mlolongo, lilipitisha bila ya taabu badiliko la Katiba lililompa Rais nguvu ya kuwaondoa majaji bila kinga waliyokuwa nayo. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi ndani na nje ya nchi. Na wala si enzi hizo tu. Mwishoni mwa 2015, sheria ilibadilishwa ili Tume impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu naye achague moja ampendalo. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na Mei 2016 Mahakama Kuu ikalitupilia mbali badiliko hilo.

Kwa hiyo mlinzi aweza kumfungulia mwizi mlango mwenyewe. Dawa si kumwamini mlinzi mmoja. Dawa ni milango kadhaa, na kila mlango uwe na mlinzi wake.

WENZETU NAO

Tusijione kwamba sisi peke yetu ndio wenye ugonjwa huu. Huko Marekani Rais hupendekeza majaji na Seneti huwathibitisha, lakini Katiba yao ina ufa: Seneti ikiwa mapumzikoni, Rais aweza kujaza nafasi kwa muda. Rais Eisenhower aliutumia ufa huo mara tatu kwa Mahakama ya Juu peke yake, akimteua Earl Warren mwaka 1953, William Brennan 1956 na Potter Stewart 1958, na wote Seneti ikawathibitisha baadaye. Miaka ilivyopita marais wakazidi kuutumia, hata mwaka 2014 Mahakama ya Juu yenyewe ikaubana katika kesi iliyohusu wajumbe wa bodi ya kazi waliowekwa na Rais Obama.

Argentina nako, Februari 2025 Rais Javier Milei aliwateua kwa amri majaji wawili wa Mahakama ya Juu, Ariel Lijo na Manuel García-Mansilla, Seneti ikiwa imepumzika. Aprili Seneti ikakutana na kuwakataa wote wawili. García-Mansilla, aliyekuwa amekwisha apishwa, akajiuzulu siku chache baadaye. Hebu fikiria kesi ambazo jaji huyo alikuwa ameanza kuzigusa.

Hapa jirani, Uganda majaji hupitia Bungeni baada ya Rais kushauriwa na tume yao. Tanzania Jaji Mkuu huteuliwa na Rais bila kupitia Bunge, na mwaka 2017 Profesa Ibrahim Juma alikaimu cheo hicho tangu Januari hadi Septemba kabla ya kuthibitishwa. Ukikaa miezi minane ukiwa kaimu, mkono unaoweza kukuthibitisha huuona kila asubuhi.

SASA SISI TUFANYE NINI?

Msomaji wangu, najua unajiuliza hivyo, kwani wewe si mbunge wala si wakili. Una watoto wa kulisha na karo ya kulipa. Lakini kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wako.

La kwanza, Tume inapotangaza majina ya waliochujwa kwa ajili ya mahojiano, huwaomba wananchi walete maoni. Kama wewe unamjua hakimu fulani kwa wema wake, au kwa ubaya wenye ushahidi, andika. Usingoje aapishwe ndipo uanze kunung'unika kwenye matatu. Karatasi moja na nauli ya posta si gharama kubwa.

La pili, mwulize mbunge wako. Anapokuja harusini au matangani na bahasha, mshukuru, kisha mwulize: siku jina la Jaji Mkuu lilipofika Bungeni, wewe uliuliza nini? Jaji Mkuu hukaa miaka isiyozidi 10, au hadi atakapofika miaka 70, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo siku ya jina jingine itafika, na mwenye kuulizwa mapema hujitayarisha mapema.

La tatu ndilo kubwa: wafundishe watoto. Si kwa hotuba. Mwana wako anapocheza mpira uwanjani na nahodha wa timu moja akataka kuleta refa wake, mwulize kwa nini wenzake wamekataa. Binti yako akikwenda sokoni, mwonyeshe mizani. Mtoto akilifahamu hilo, hakuna mwanasiasa atakayemdanganya kwamba mambo ya majaji ni ya Nairobi.

Na yule mama jirani yangu? Kesi yake bado iko kortini, lakini sasa inasikilizwa. Mara ya mwisho alirudi jioni amechoka, vumbi hadi magotini. Nikamwuliza jaji amesema nini. Akanijibu kwamba bado hajasema, lakini alimsikiliza yeye na akamsikiliza mwenye hati, na wote wawili aliwakatiza maneno sawasawa. "Sijui atanipa au ataninyima," akasema, "lakini leo nimemwona mtu anayepima."

Binti ya kaka yangu alirudi shuleni na daftari lake. Aliandika jibu jipya chini ya lile la zamani: kwamba Rais huteua jaji, lakini hamchagui peke yake, kwa sababu siku moja Rais naye atakuwa na samaki wa kupimwa. Mwalimu akampa alama zote, kisha akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Samaki gani?"

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.